Mume Anayerudi Ameshaoga

"Fungua! Toka na huyo mwanamke wako, nimwone."

Mke wa fundi breki aligonga mlango wa bafu la gereji mpaka mafundi wakaacha spana. Siku hizi mumewe alikuwa akirudi nyumbani ameshaoga, ananukia sabuni wasiyokuwa nayo. Mwanamume anashinda kwenye grisi, halafu anarudi anang'aa. Jamani, ungewaza nini? Asubuhi hiyo gauni lake la kushindia nalo likapotea, na mume katoka na mfuko kwapani. Basi mama wa watu akaandika kwenye grupu la ukweni: "Ndugu yenu ana mwanamke. Leo namfumania."

Komeo likavutwa. Fundi breki alitoka na taulo kiunoni, povu masikioni. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na beseni, na ndani yake mashuka ya kitandani kwao na lile gauni, yamelowekwa.

"Mama watoto, kuna nini?"

"Unafanya nini na gauni langu?"

"Nalifua."

"Nyumbani hatuna bomba?"

Mume akashusha sauti, maana mafundi walishatega masikio.

"Bili ya maji ilipopanda ulisema nini mbele ya dada yangu? Kwamba naoga kama ng'ombe, maji yote ya nyumba nayamaliza mimi. Hapa kuna kisima. Nikamwomba bosi niwe naoga hapa. Leo nikaona nibebe na nguo, ili bili ikishuka nawe upumue."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Mtu mzima na familia yangu, naomba bafu kwa watu."

Mke alikumbuka. Neno lile alilisema akicheka, wifi yake akacheka, hata mume alicheka. Kumbe mwenzake lilimchoma. Aibu ikamshika.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Mwanangu, nimesoma. Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama."

"Na nani?"

"Na beseni, mama. Anafua mashuka yetu."

"Haya. Kaandike hivyo hivyo pale ulipoandika mwanzo."

Akaandika: "Nisameheni nyote. Mume wangu hana mwanamke. Anaoga na kufua kazini kwa sababu nilimsimanga kwa maji ya nyumbani. Mwenye kosa ni mimi."

Akaweka simu mfukoni, akachuchumaa, akakunja mikono ya blauzi.

"Baba watoto, kuanzia leo unaoga nyumbani."

"Na bili?"

"Tutaoga ndoo moja, wote wawili. Nisamehe."

Fundi mmoja akakohoa kule nyuma.

"Shemeji, ukimaliza hayo, na sisi tuna ovaroli."

Wakacheka wote isipokuwa mke. Aliinama, akatoa shuka kwenye maji, akaanza kulikamua huku machozi yakimtoka. Mume akalishika upande wa pili, wakalisokota pamoja.