Kemist wa Serikali

Mvua ya Nyeri haibishi hodi. Jumamosi moja ya soko, mwaka wa sabini na tatu, ilimsukuma kijana ndani ya duka la vitambaa la Rukaya, suruali yake pana imelowa matope, nywele zimechanwa juu kama kiota. Aliyekuwa akiuza ni Murugi, kwenye gauni la maua ya manjano, mshipi mwembamba kiunoni.

"Nataka kitambaa nyeupe, ya kushona koti ya kazi."

"Ati wewe ni daktari?"

"Hapana. Nimemaliza chuo kikuu, sasa nafundishwa kazi Nairobi. Nitakuwa kemist wa serikali."

"Kemist!" Murugi akacheka. "Basi nikikohoa utaniuzia dawa bei ya rafiki."

Kingori, ndilo jina lake, alifungua kinywa amweleze. Kwetu kemist ni duka la dawa. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta sumu katika damu na matumbo ya waliokufa, korti ijue nani ameua nani. Lakini sisi Wagikuyu tunaogopa thahu: anayegusa maiti hubeba uchafu mpaka nyumbani kwake. Akayatazama yale macho yanayomcheka. Akafunga kinywa.

"Wewe nitakupa bure," akasema.

Mapenzi yakakua kwa simu ya posta.

"Asali yangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Na duka yako utafungua wapi? Karatina ama hapa?"

"Bado nafundishwa. Form Six nilichukua kemia na bayolojia, halafu digrii, nikadhani imetosha. Kumbe mzee wa maabara lazima apime tena kila kitu nimepima, mpaka siku atakubali nitie sahihi peke yangu."

"Yote hiyo ya kuuza tembe za kichwa? Serikali iko na mambo!"

Murugi akacheka. Kingori akacheka pia, jasho likimtiririka shingoni.

Mwaka ukapita, akaruhusiwa kutia sahihi. Magdaline, mamake Murugi, akawatangazia wanawake wa kanisa kwamba binti yake anaolewa na mwenye dawa. Siku ya wazee kuja kuposa ikapangwa.

Wiki hiyohiyo Murugi alipiga simu, ikashikwa na mtu mwingine wa maabara.

"Kingori? Yuko huko kwenu Nyeri, kortini. Si yeye ndiye alipima tumbo ya yule marehemu wa sumu?"

Murugi alitoka posta mbio, akaingia kortini, akakaa nyuma kabisa, kitambaa cha kichwa kimevutwa hadi kwenye nyusi. Kingori alisimama mbele na suti ya kijivu.

"Wewe ni kijana mdogo," wakili akamchokoza. "Ulijuaje ni dawa ya kuua wadudu wa kahawa?"

Kingori akaeleza yote, masomo yake, maabara, lile tumbo, ile damu, bila kutetemeka. Halafu akamwona Murugi. Jaji alimuuliza swali moja mara mbili.

Nje, akamkimbilia. "Murugi, mpenzi..."

"Usiniite! Mama ameambia kanisa nzima. Nitaficha uso wapi?"

"Niliona haya. Niliogopa utakataa kushikwa na mkono kama hii."

"Maiti haijaniudhi, Kingori. Nimeuliza habari ya duka mwaka mzima, na wewe unacheka na mimi. Jaji unamwambia, mimi unaniacha mjinga!"

Kingori akatazama viatu vyake.

"Nifanye nini?"

"Twende kwa mama. Useme vile umesema hapo ndani."

Kingori akasema yote akiwa amesimama mlangoni. Magdaline alimsikiliza, akaitazama mikono yake, akainuka, akatoka nje. Kingori akageuka aende zake.

"Kaa," Murugi akasema. Akaleta beseni, sabuni na jagi la maji ya moto. "Lete mikono. Chakula iko tayari."

Akammiminia, akamsugua kidole kimoja kimoja. Macho ya Kingori yalijaa machozi, hakuthubutu kuyainua.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Magdaline, kuni kwapani.

"Wazee wako waje vile tulisema," akamwambia Kingori. "Lakini wapitie njia ya nyuma, wasipite kanisani. Wale wanawake bado sijajua nitawaambia nini."