Kila Faili Linaitwa Haraka

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha duara, taa mbili na kompyuta iliyochoka. Mume alipiga picha. Mke alikaa kwenye kompyuta, akazisafisha picha, akazichapa na kuzikata. Watu walimwita mume Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja, hata yule wa picha ya pasipoti ambaye hatakiwi kabisa kutabasamu. Mke walimwita Chapchap. Alitembea mbio, alikula mbio, na mafaili aliyapa majina mbio mbio.

Hapo kwenye majina ndipo penye matatizo. Kila mteja akiingia husema ana haraka. Basi Chapchap akihifadhi picha, aliiita Haraka. Iliyofuata aliiita Haraka Sana. Nyingine Haraka Mno, Haraka ya Mzee, Haraka Yule Mrefu. Alijiambia kwamba atayapanga vizuri akipata nafasi. Miaka nenda, miaka rudi, nafasi haikupatikana.

Asubuhi hiyo Chapchap hakutulia. Alikaa, akainuka, akachungulia mlangoni, akarudi kukaa. Mchana fundi wa kompyuta angekuja kufuta kila kitu, maana mashine ilikuwa imejaa pomoni na inakwama kila saa. Tabasamu alikuwa amekwisha kunakili kazi za wateja za mwaka huu. Yaliyobaki, alisema, ni takataka.

Lakini ndani ya takataka hizo kulikuwa na sauti ya mama yake Chapchap.

Mama alikuwa amepata kiharusi. Miguu ilirudi kidogo kidogo, maneno hayakurudi. Yeye aliyekuwa akizungumza kutwa, sasa alikaa dirishani akitazama midomo ya watu. Mtaalamu wa mazoezi ya usemi aliuliza kama familia ina sauti yake ya zamani. Hakuahidi kwamba itamponya. Alisema tu kuwa mtu akisikia maneno yake mwenyewe, huenda akapata hamu ya kuyafuata.

Chapchap alikumbuka mara moja. Waliwahi kumrekodi mama hapo hapo studio, alipokuja kumwona kitindamimba wao akiwa bado mchanga. Mama alisimulia siku ya harusi yake mwanzo hadi mwisho. Sauti hiyo ilikuwepo. Ilikuwa wapi?

Aliandika "mama" kwenye kisanduku cha kutafutia. Zikaja picha za mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi. Aliandika "sauti", hakikuja kitu. Aliandika "haraka", ikaja studio nzima. Akaanza kufungua faili moja baada ya jingine.

"Mpigie dada," Tabasamu alimwambia.

Chapchap alijifanya hajasikia. Dada yake Tabasamu alitunza picha kwenye ofisi ya gazeti, ng'ambo ya barabara. Kazi aliijua vizuri, lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Safari iliyopita alipoona yale majina alicheka mpaka akafuta machozi. Chapchap aliona bora ahangaike peke yake kuliko kuchekwa na wifi mara ya pili.

Simu ya Tabasamu ikalia. Fundi alisema yuko njiani. Chapchap akameza kiburi chake na kumpigia wifi.

Wifi alikuja mkoba ukiwa bado begani. Aliitikia salamu, akainama kwenye kioo cha kompyuta, akatikisa kichwa.

"Wifi yangu, hii si kompyuta. Hili ni gunia."

Kisha akamwona Chapchap usoni, na utani ukamwishia. Akavuta kiti cha duara, akakaa. Akauliza wanatafuta nini, na Chapchap akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Jina umelisahau. Sawa," wifi alisema. "Ukimtafuta mtu sokoni na jina lake hulijui, unaulizaje?"

"Nasema ni mrefu, amevaa shati jekundu, amepita hapa asubuhi."

"Basi na faili ni hivyo hivyo. Lina sifa zake. Lina aina: ni picha, sauti, video au maandishi. Lina ukubwa. Lina tarehe. Hayo kompyuta inayaandika yenyewe, hata kama wewe una haraka zako."

Alimwambia Chapchap ashike kipanya mwenyewe. Chapchap alifungua folda kubwa yenye kazi zote, akabofya kisanduku cha kutafutia bila kuandika jina. Akachagua aina: sauti. Wifi akauliza mambo hayo yalikuwa lini. Chapchap hakujua tarehe, lakini alikumbuka kuwa mtoto alikuwa hajaanza hata kukaa. Wakahesabu kuanzia siku ya kuzaliwa kwake, wakapata miezi michache. Wakaiweka miezi hiyo kwenye tarehe ya kuundwa kwa faili.

Kioo kikabaki kitupu.

"Usikate tamaa bado," wifi alisema. "Mashine hii mliinunua mtoto akiwa ameshaanza kutembea, siyo?"

"Ndiyo. Tukahamishia mafaili humu kutoka ile ya zamani."

"Basi tumeuliza vibaya. Kompyuta hii inahesabu kwamba faili limezaliwa siku lilipohamia humu. Tutumie tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho. Hiyo kwa kawaida huhama pamoja na faili."

Chapchap alibadilisha. Safari hii mafaili yakatokea, na yeye akayafungua kwa pupa. La kwanza lilikuwa wimbo wa harusi ya watu. La pili wimbo mwingine. La tatu lilikuwa Tabasamu mwenyewe, akijirekodi tangazo la studio na kukosea kila mara. Siku nyingine wangecheka. Sauti ya mama haikuwemo.

Mlango ukafunguliwa, fundi akaingia na begi lake. Tabasamu akamkaribisha kiti, akaanza kumpigisha soga. Fundi alijibu kwa adabu huku akitazama saa. Chapchap akasimama, akakaa, akasimama tena. Alihisi kama anamzika mama yake akiwa hai, na akasema hivyo hivyo kwa sauti.

Wifi alimshika mkono akamketisha. "Tulia, unijibu. Mlimrekodi kwa kitu gani?"

"Kwa kamera. Simu yangu ilikuwa imezima. Na mama hakutaka kupigwa picha kwa sababu hakuwa amesuka nywele. Tukaacha kifuniko kwenye lenzi."

"Kamera iliwekwa kwenye video?"

"Ndiyo. Tulitaka sauti tu."

"Nyinyi mlitaka sauti," wifi alisema. "Kompyuta inajua ni video. Badilisha aina."

Chapchap akabofya video. Tarehe wakaiacha vile vile. Kwa kuwa mama alizungumza muda mrefu, wifi alimwambia ayapange mafaili kwa ukubwa, makubwa yakae juu. Juu kabisa pakatokea mraba mweusi tii. Chini yake pameandikwa Haraka Baadaye.

Tabasamu akasogea. "Hilo limeharibika," alisema. "Nimeliona asubuhi, jeusi tupu. Nimetaka kulifuta tupate nafasi, mashine ikakwama."

Chapchap akalifungua.

Kioo kilikuwa cheusi. Mtoto mchanga alilia kidogo, akanyamaza. Kisha chumba kikajaa sauti nene yenye mzaha ndani yake.

"Mkwe, umeizima kweli hiyo? Maana wewe hukawii kunitoa gazetini na nywele hizi."

Chapchap akajifunika uso, akalia bila kuona haya. Baadaye Tabasamu alisema alikuwa karibu kufanya jambo ambalo asingejisamehe, na mkewe akamwambia ni kweli. Fundi alichukua begi lake taratibu. Alisema atarudi siku nyingine, na wala hatafuta chochote ambacho hakijakaguliwa.

Wifi hakuwaruhusu kuinuka. Kwanza alimtaka Chapchap abadilishe jina la faili. Chapchap akaandika "Mama anasimulia harusi yake", akaongeza na mwaka. Kisha wakalinakili kwenye flashi, na nakala nyingine wifi akaondoka nayo. Kitu unachokipenda, alisema, usikiweke mahali pamoja tu.

Tangu hapo studio ilibadilika. Kila faili jipya lilipewa jina la mteja, kazi yenyewe na mwaka, likawekwa kwenye folda ya mwezi wake. Yale ya zamani waliyakagua kidogo kidogo, na yaliyofaa yakahamishiwa kwenye diski ya pembeni kabla fundi hajagusa mashine. Siku moja alikuja mwalimu akitaka picha ya wanafunzi wake wa zamani. Jina la faili hakuna aliyelijua. Chapchap aliuliza ilikuwa mwaka gani, na kama ni picha au video. Mwalimu alikuwa bado anajieleza picha ilipotokea.

Nyumbani walimsikilizisha mama sauti yake kwenye simu kila asubuhi. Siku za mwanzo alilia. Zilizofuata aligeuza uso dirishani, na Chapchap alikasirika moyoni, kwa sababu alitaka mama apone leo leo. Mtaalamu alimwambia asimsukume. Amwekee sauti, akae naye, basi.

Asubuhi moja walifika pale ambapo bwana harusi anakanyaga gauni la bibi harusi mbele ya watu, linachanika, naye bibi harusi anamtandika kwa maua. Mama akacheka. Chapchap alifurahi, lakini saa ya kufungua studio ilikuwa imefika. Akanyoosha mkono azime simu.

Mama akamkamata kifundo cha mkono. Midomo ikahangaika kwa muda.

"Tena," alisema.

Chapchap akakaa chini, akairudisha mwanzo.