Simu Kutoka Meli ya Utafiti

Jumamosi ile ya Machi 1997, soko la Toi lilikuwa limefurika watu hivi kwamba Seline Amondi aliisikia sauti ya mteja kabla ya kuuona uso wake.

"Sista, unaweza kunishonea mfuko usiotapika spana?"

Amondi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mbele yake alisimama kijana mrefu, ovaroli ya bluu mkononi, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kola ikasimama. Amondi naye alikuwa amevaa rinda la njano alilojishonea mwenyewe, na alijua linampendeza.

"Spana zako zinaugua nini?"

"Kizunguzungu. Nikiinama tu, zinaruka baharini. Tatu ziko chini ya Bahari ya Hindi saa hii."

"Wewe msee wa Nairobi, bahari umeitoa wapi?"

Kijana akacheka, akavuta kigoda bila kukaribishwa. Jina lake lilikuwa Morris Wekulo, mtu wa Bungoma, fundi wa mitambo katika meli za utafiti zilizotia nanga Mombasa. Alikuwa amekuja likizo kwa dada yake Rachael, Kawangware. Alishonewa mfuko wenye zipu akaenda zake. Kesho yake akarudi na shati lisilo na kifungo. Keshokutwa, shati lingine.

"Hiki kifungo umekikata na wembe," Amondi alimwambia.

"Sasa ningekuja na sababu gani?"

Siku hiyo walikunywa chai kibandani, na Wekulo akamweleza kazi yake kwa madaha, kana kwamba meli zile ni za babake. Zilikuwa tatu. Marjani, iliyo kubwa kuliko zote, ilikaa baharini miezi miwili bila kugusa nchi kavu. Ilikuwa na maabara, na winchi ya kushusha vipimo kwa waya wa chuma hadi kilomita nne chini, kusikofika jua. Winchi hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwake. Pomboo ilivuta nyavu za kuhesabia samaki na kuacha maboya yanayotuma habari hadi kwenye setilaiti. Chewa, iliyo ndogo, iliingia kwenye matumbawe ambako nyingine zingekwama.

"Na mnatafuta nini kote huko?"

"Tunapima. Joto, chumvi, mkondo unaenda wapi. Bahari ikibadilika, mvua ya huku kwenu inabadilika."

Amondi, aliyezaliwa Homa Bay na kuliona ziwa kila asubuhi ya utoto wake, hakuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kupimwa homa kama mtoto. Alimtazama Wekulo, mikono yake yenye makovu ya waya, akahisi moyo wake ukienda kasi. Hofu nayo ikaanzia hapo hapo. Mtu wa kilomita nne za maji, ukimpenda utalala vipi?

Wekulo alirudi baharini mwezi wa Aprili. Kila baharia alipewa dakika mbili kwa wiki kwenye simu ya setilaiti, na Wekulo alizitumia Jumamosi saa nne asubuhi kupiga dukani kwa Chege, mtaani Olympic. Amondi alikuwa akipanda mapema kutoka nyumbani kwake Gatwekera, chini kando ya mto, rinda limenyooshwa utadhani simu ina macho.

"Amo wangu, uko?"

"Niko. Umekula?"

"Samaki tena. Nimekula samaki mpaka nikichungulia majini wananiita binamu."

"Rudi basi ule omena zangu."

"Hiyo si samaki pia?"

"Hiyo ni mapenzi, bwana."

Chege alijifanya anapanga sabuni huku akitabasamu.

Mwishoni mwa Septemba simu ililia, lakini sauti ya Wekulo haikuwa na mzaha.

"Amo, sikiza haraka. Hiyo nyumba yako iko hatua ngapi kutoka mtoni?"

"Kumi. Kwa nini?"

"Hama. Nenda kwa Rachael, Kawangware, wiki hii. Nishaongea na yeye kwa dakika yangu ya kwanza."

"Umeongea na yeye kabla yangu? Nani amekuambia nini juu yangu, Morris?"

"Hakuna mtu. Maji ya huku yamepata joto, Amo. Tumeshusha vipimo mara..." Mlio ukameza maneno, kisha yakarudi. "...mpaka mita themanini chini. Sijawahi kuona."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilisema, karibu kabisa na simu, "Chukua na zangu, Wekulo. Mimi sina haraka."

Amondi akahisi masikio yakiwaka moto. "Huyo ni nani?"

"Nthenya. Ndiye anapima joto la maji."

"La maji ama lako?"

Akaweka simu chini. Ilipolia tena, alikuwa ameshavuka barabara.

Mama Billy, jirani yake wa ukutani, alisikia kisa chote wakiwa wanaosha vyombo. "Anataka dadake akuchunge huko Kawangware kama mbuzi, yeye abaki akila raha kwa meli. Ati maji yana joto! Yawe moto, tuogee."

Amondi alicheka. Jumamosi mbili hakwenda Olympic. Usiku alijiambia hamtaki. Asubuhi alijikuta akiutazama mto, maji machache meusi yakipita katikati ya takataka, akihesabu hatua zile kumi.

Kisha mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kawaida ya Oktoba, inayonyesha na kuomba radhi. Hii ilishuka siku nne mfululizo, mabati yakipiga kelele hadi watu wakaongea kwa ishara. Jumamosi ya tatu Amondi alivua viatu, akapanda kwa Chege miguu mitupu.

"Amepiga?"

"Jumamosi zile mbili zilizopita, zote," Chege alisema. Hakuwa na uso wa utani. "Ya mwisho aliniambia hivi: mwambie asinisamehe, lakini ahame."

"Na leo?"

"Laini imekufa tangu Alhamisi, nguzo zimeanguka. Na si hayo tu, Seline. Redio imesema kuna meli ya utafiti upande wa Lamu haijasikika siku mbili."

"Meli gani?"

"Hawakutaja."

Amondi alisimama mlangoni mwa duka, maji yakimtiririka shingoni. Mwanamume aliyekuwa labda anazama alikuwa ametumia dakika zake mbili za mwisho kumwambia ahame, wala hakusema neno la kujitetea. Aliteremka Gatwekera karibu mbio, akafungua kichwa cha cherehani, aliyokuwa ameihamishia nyumbani kutoka sokoni mvua ilipoanza, akakifunga kwa shuka, akagonga kwa Mama Billy.

"Hama na mimi."

"Kwa sababu ya mwanamume wa simu?"

"Nipe watoto basi. Wewe baki. Mvua ikiisha utanicheka mpaka uchoke."

Mama Billy akaanza kukunja blanketi.

Walitembea katika mvua, wanawake wawili na watoto watatu, cherehani kichwani mwa Amondi. Walipita Olympic, wakavuka Ngong Road, wakaifuata Naivasha Road hadi Kawangware. Rachael alifungua mlango, akaona msafara, akasema tu, "Ingieni, uji uko motoni. Amesikika?"

"Bado."

Jumatatu, saa sita mchana, ukingo wa mto ulimeguka Gatwekera ukaenda na nyumba saba. Ya Amondi ilikuwa ya tatu.

Zikafuata siku kumi za kusubiri. Barabara ya Mombasa ilikatika, magazeti yakachelewa, redio ya Rachael ikawa haizimwi. Kila mchana Amondi alirudi Gatwekera, akasimama juu ya ukingo uliobaki. Kama Wekulo alikuwa hai, angekuja kwanza hapo, kwa kuwa mara ya mwisho walipozungumza Amondi alikuwa amemkatia simu bila kukubali kuhama.

Siku ya kumi na moja alikuta watu wamezunguka kitu matopeni. Mwanamume mmoja, ndevu zimemjaa, koti la mvua limechanika bega, alikuwa amepiga magoti akichimba kwa mikono. Alikuwa amefikia shuka la mlangoni kwa Amondi, la kitambaa cha maua. Alilivuta taratibu sana, kama mtu anayeogopa kilicho chini yake.

"Wekulo," Amondi aliita. "Unatafuta nini hapo?"

Aligeuka. Hakusimama. Alimtazama tu, kisha akafunika uso kwa mikono yake yenye matope, mabega yakamtetemeka mbele za watu.

Amondi alishuka, akapiga magoti naye, rinda safi na yote.

"Nilisikia nyumba saba," Wekulo alisema. "Daraja lilikuwa limeenda. Nimetembea siku mbili."

"Nami nilisikia meli haijasikika."

"Wimbi lilivunja antena. Tulikuwa wazima, hatukuweza kusema tu."

Amondi alimpangusa tope shavuni, akalizidisha. "Na Nthenya?"

"Alinipa dakika zake za simu. Mbili zake, mbili zangu. Watoto wake hawakumsikia wiki hiyo ili mimi nikubembeleze uhame. Nawe ukanikatia."

Aibu ilimpanda Amondi. "Nitamwandikia barua. Nitamshonea kitu."

"Atafurahi." Akashika vidole vyake. "Amo, mkataba unaniita Jumatatu. Marjani inarudi kupima tena, mvua hii bado. Ukisema nisiende, siendi. Nitatafuta kazi Industrial Area, nitakuoa, utaniona kila jioni."

Hilo ndilo alilokuwa ameliomba siku kumi nzima. Amondi aliangalia juu, kwenye safu ya nyumba zilizobaki, moshi wa jikoni ukitoka kwenye mabati, mwanamke akianika nepi ukingoni kabisa.

"Na usipoenda, nani atashusha hiyo winchi?"

"Watapata mtu."

"Atapiga simu kwa Chege?"

Wekulo akaanza kulikamua tope lile shuka la maua.

"Nitaogopa kila siku," Amondi alisema. "Nitakonda. Rachael atachoka na mimi." Akavuta pumzi. "Nenda. Lakini hutaondoka hapa bila kunioa. Pastor wetu anaishi Soweto West, na leo ni Ijumaa."

"Na hivi nilivyo?"

"Utaoga kwanza."

Wakasimama, wakishikana wasiteleze. Kabla ya kwenda kwa pastor, Amondi alipanda hadi kwa yule mwanamke wa nepi, akamsalimia, akamwonyesha ukingo ulivyokuwa ukimeguka, akamsihi ahame, na alipokubali Wekulo akaanza kumtolea vitu nje.