Kipipa Kilichozibuliwa

Kila asubuhi, akishalisha kuku wa melini, Dorkasi alijipenyeza ndani ya mashua ya kuwindia nyangumi iliyoning'inia ubavuni mwa meli. Alikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa Nahodha Obedi wa Nantaketi, kisiwa cha wawindaji nyangumi. Humo mashuani mlikaa kipipa cha biskuti, mishumaa na kiberiti, kimezibwa kwa lami. Kwa wawindaji hao ilikuwa mwiko kukifungua mpaka mashua ipotee baharini. Lakini Dorkasi alikuwa mlafi, jamani! Alibandua lami, akala, kisha akakifunika juujuu.

Siku moja nyangumi dume aliyechomwa chusa, ule mkuki wa kurusha, alizivunjavunja mashua mbili pamoja na watu waliokuwamo, kisha akaigeukia meli. Aliipiga kwa kichwa, mbao zikapasuka, mlingoti ukaanguka na kumponda mpishi. Watu walizama huku wakipiga mayowe. Mashua iliyobaki, ile yenye kipipa, ilishushwa mbiombio, ikamwokoa Dorkasi, baba yake na mabaharia wachache.

Njaa ilipowazidi, wakafungua kipipa. Lo! Hamkuwa na biskuti hata moja, ila maji ya chumvi na mishumaa iliyolowa.

Gideoni, msaidizi wa nahodha, alimrukia Aisea, Mfiji mrusha chusa aliyekabidhiwa mashua ile.

"Mwizi mkubwa wewe! Umetuua!"

"Sijakigusa, Bwana Gideoni. Haki ya Mungu!"

Ngumi ikamvunja pua, damu ikatapakaa. Wengine wakamkamata miguu.

"Atupwe! Mdomo mmoja upungue!"

Nahodha aliinamisha kichwa, asiseme neno. Dorkasi aliogopa kipigo, lakini Aisea alikwisha kuning'inizwa nje, kichwa kikigusa maji.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Baba, nimekula mimi! Mwacheni!"

Walimrudisha Aisea ndani. Gideoni akainua kasia ampige mtoto, Aisea akalidaka.

"Mtoto huyu, bwana! Ukimuua, utashiba?"

Mara mashua ikagongwa. Papa alikuwa amefuata damu. Aisea alinyakua mkuki akamchoma, akamchoma tena na tena, mpaka bahari ikawa nyekundu. Walimvuta ndani, wakamla mbichi, na nyama ile ikawaweka hai hadi meli nyingine ilipowaokota.

Wakiwa salama sitahani, nahodha alimwita binti yake.

"Kula biskuti lilikuwa kosa, mwanangu. Kunyamaza ndiko kulikotaka kuua mtu. Na mimi nilinyamaza, mtu mzima na akili zangu. Tungemtupa Aisea, nani angetuulia yule papa? Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

Dorkasi alimwendea Aisea, machozi yakimtoka.

"Nisamehe, mjomba."

Aisea aliipapasa pua yake iliyopinda.

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine, mama, usingoje mpaka nining'inizwe ndipo useme."