Unga Uliobebwa Mgongoni

Kila alfajiri Masika aliwasha jiko, na mama yake, Émérance, akakanda unga wa maandazi. Tangu vita viwafukuze Rutshuru mwaka 2008, waliishi chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi ya Kibati. Siku hiyo mama alikwenda kwenye foleni ya maji, akamwachia Masika kazi ya kukanda. Mwalimu Nshobole alikuwa ameahidi: wanafunzi wakiyapenda maandazi leo saa nne, mama atapewa nafasi ya kuuza mlangoni mwa shule ya kambi.

Kulikuwa na baridi kali. Masika aliogopa kwamba unga utachelewa kuumuka. Akaepua maji yaliyokuwa yakitokota, akayamimina juu ya hamira, kisha akatia unga na kukanda.

Saa nzima ikapita. Donge lilikaa vilevile. Élodie, msichana wa hema la jirani, akachungulia.

"Eh, Masika! Leo wanafunzi watakula mawe ya volkano?"

Mama aliporudi, alilibonyeza donge kwa kidole. "Umefanya nini?"

"Hamira imeharibika, mama. Yule muuzaji wa soko la Birere ametudanganya."

Mama alichukua hamira iliyobaki, akatia yote katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari, isipokuwa chembe chache. Hizo akazitia katika kikombe cha pili, chenye sukari na maji yanayochemka.

"Keti. Tazama."

Baada ya dakika kumi kikombe cha kwanza kilijaa povu. Cha pili hakikutoa hata kipovu kimoja.

"Basi, nani amedanganya?"

Masika aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nilitia maji ya moto ili unga uumuke haraka."

"Vizuri, umesema. Nawa mikono, tufanye kazi."

Donge lilikuwa limekwisha kupoa. Walikandia ndani yake lile povu, wakalifunika katika sufuria. Kisha mama akaifunga sufuria kwa kitenge mgongoni mwa Masika, ipate joto la mwili.

Élodie alicheka hadi akashika mbavu. "Mutoto huyo anaitwa nani?"

"Ngoja akue, utamjua!" Masika akamjibu.

Naye akakua! Donge liliinua kifuniko. Ndani ya mafuta maandazi yalivimba, yakageuka yenyewe. Saa nne wanafunzi waliyamaliza yote, na Élodie alikula matatu.

"Mama Émérance," alisema Mwalimu Nshobole, "kuanzia kesho weka jiko lako hapa mlangoni."

Masika aliruka kwa furaha. Mama akamshika bega.

"Sikia, mutoto wangu. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno kuonekana kwa macho. Baridi huvipunguzia nguvu, uvuguvugu huvikuza, maji yanayochemka huviua. Vijidudu vya kipindupindu navyo hufa hivyo hivyo. Kwa hiyo hamira usiichemshe, lakini maji ya kunywa yachemshe kila siku, hata ukiwa na haraka. Na ukikosea, sema mara moja. Kosa lililosemwa tunaweza kulitengeneza kabla ya saa nne."