Nondo Anayeonja kwa Miguu

Theopista aliipenda bustani yake saa za jioni, jua likizama nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku na ukungu mwembamba ukipanda kutoka bondeni. Lakini msimu huu kabichi zake zilitoboka kama chujio.

Mumewe, Masalu, alimletea chupa ya dawa iliyobaki kwenye tumbaku.

"Nyunyiza hii, Mama Loveness. Viwavi wataisha."

Theopista aliishika akisita. Loveness, binti yao wa miaka minne, hupenda kuchuma jani na kulitafuna palepale.

Salome, jirani yao na afisa ugani wa kata, alikuwa akipita. Akaiona chupa.

"Hiyo ni sumu ya tumbaku," alisema. "Kabichi inaliwa, Baba Loveness. Iweke mbali na mtoto. Mama Loveness, njoo tuchuchumae hapa."

Wakachuchumaa kimya. Nondo mdogo wa kijivu akatua juu ya jani. Akatembea taratibu, akiligusagusa kwa miguu, kama mtu anayepapasa nguo sokoni.

"Anafanya nini?" Theopista akanong'ona.

"Anaonja. Huonja kwa miguu, na kwa papasi zile mbili za kichwani. Akiipata ladha ya kabichi, anataga. Mayai yakianguliwa, kiwavi naye huonja kwa mdomo kabla ya kula."

"Akikuta uchungu?"

"Anagoma. Asipokula, hakui. Hapo ndipo mwarobaini unapofanya kazi."

Kwa maelekezo ya Salome, Theopista akatwanga kilo moja ya mbegu kavu za mwarobaini. Akaziloweka katika ndoo ya lita ishirini hadi kesho yake, akachuja kwa kitambaa, akatia sabuni kidogo. Jioni akanyunyiza majani juu na chini.

Siku ya tatu Masalu alikagua. "Mbona viwavi wako hai?"

"Tazama kama wanakula," Theopista alimjibu.

Hawakuwa wakila. Walijikunja tu, wamenywea. Theopista alirudia kila wiki, na kila baada ya mvua. Majani mapya yakatoka mazima, yakafungana vichwa vizito. Wakaziosha kabichi vizuri, wakala, wakawagawia majirani.

Jioni moja chakula kilikuwa tayari mezani. Theopista akamfuata mumewe bustanini, akamkuta amechuchumaa peke yake.

"Baba Loveness, ugali unapoa."

"Ngoja kidogo," alisema Masalu kwa sauti ya chini. "Bado anaonja."

Theopista akakunja kanga, akachuchumaa kando yake.