Uzito Usioondoka

Ndege ilipitiliza njia ya kurukia, matairi yakiteleza kwenye maji ya mvua. Mbele kulikuwa na bahari. Kabla haijaifikia, ardhi ikalegea: matofali ya povu yalilainika yote kwa pamoja, magurudumu yakazama, ndege ikasimama. Abiria wote walikuwa salama.

Hicho ndicho kitanda-kinasi, kitanda cha kunasa ndege mwisho wa njia, kazi ya Mhandisi Ridhwani Faki. Kisiwa cha Shungi ni chembamba. Wakaguzi walikuwa wametaka kipande cha mwisho cha njia kifungwe kiwe akiba ya usalama, na njia ikifupishwa hivyo ndege kubwa zisingetua tena. Kitanda kiliinusuru. Umeme ulikikaza ili mafundi watembee juu yake. Hatari ikija, bongomashine, kompyuta iliyojiamulia yenyewe, ilikilainisha.

Siku hiyo fundi Kombo Shaame alikuwa juu yake, akibadilisha tofali. Bongomashine ilimhisi. Ikampima mtu mmoja kwa abiria wote, ikalainisha.

Mkewe, Bi Salha, alikuwa ndani ya ndege ile, akirudi kutoka hospitali ya bara. Aliposhuka alimwuliza Ridhwani, "Kombo yuko wapi? Kaniambia atanipokea."

Ridhwani aligeuka akakitazama kitanda. Salha akayafuata macho yake.

Baada ya mazishi ya Kombo, mashine ilianza kuuliza kila asubuhi: "Kuna mtu kwenye kitanda. Nikikaze?" Walibadilisha matofali, wakabadilisha nyaya. Hitilafu haikuonekana. Uzito ulikuwa wa Kombo hasa. Kwa hofu, Ridhwani aliipokonya mashine uamuzi: isingelainisha tena bila idhini yake.

Habari zikamfikia Salha. Alikuja chumba cha uangalizi, akaisikiliza mashine ikiuliza.

"Ijibu, mwanangu. Iambie ikaze."

"Bi Salha, pale hapana mtu."

"Basi ukikaza utapungukiwa nini?"

Ridhwani akakaza. Salha alivua viatu, akakaa, kama mtu aliyefika kwake.

Adhuhuri mvua ikamwagika. Ndege ilitua kwa kasi, ikateleza.

"Nikilainishe?" mashine iliuliza. "Kuna mtu kwenye kitanda."

Mkono wa Ridhwani ukabaki hewani, juu ya kitufe.

"Ina watu?" Salha aliuliza.

"Imejaa."

Salha aliushika mkono ule akaushusha mwenyewe. Kitanda kikalegea. Ndege ikasimama. Kwenye kioo cha mashine, uzito ukatoweka.

"Sasa tumemzamisha sote wawili," alisema taratibu.

Kesho yake mashine haikuuliza kitu. Ridhwani alikuwapo tangu alfajiri, akiisubiri iulize.